Askari Anaporudi Nyumbani

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima askari 654 kabla na baada ya kutumwa vitani Iraki, pamoja na wengine 307 wasiotumwa. Waliorudi walionekana wepesi zaidi wa kuitikia ishara, bali umakini na kumbukumbu zao vilikuwa vimepungua. Nami humfikiria ndugu wa jumuiya yetu aliyetoka vitani: mlango ukigongwa huruka, lakini zamu yake ya kusoma katika Misa huisahau. Si uvivu wala dharau. Akili yake ilizoea kukesha, nayo haijapata pumziko. Nabii Eliya alipolemewa jangwani, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Basi tumkumbushe ndugu yetu kwa upole, hata mara ya saba.