Baiskeli ya Pwani Mlimani

Mtu ahamapo huchukua ujuzi wake pamoja na mizigo yake, lakini mara nyingi mizigo hufika salama kuliko ujuzi. Jambo hili lilimdhihirikia mwalimu mmoja kijana aliyetoka Tanga kwenda kufundisha Katesh, chini ya Mlima Hanang. Kwao pwani baiskeli ilikuwa miguu yake ya pili, akadhani kwamba ajuaye kuiendesha huiendesha popote.

Nchi mpya haikuikubali dhana hiyo. Hanang husimama peke yake kwa urefu wa mita 3,400 na zaidi, na nyanda za Mbulu zimepita mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Pafu lililozoea pwani hutozwa ushuru katika kila mwinuko. Wakati wa kiangazi maji ya Balangida, ziwa la chumvi, hupungua sana, vumbi huingia katika mnyororo, na miiba ya migunga hutoboa mpira kama sindano itoboavyo kitambaa. Juma la kwanza alikokota baiskeli zaidi ya alivyoipanda.

Hata hivyo kupanda mlima kulimchosha tu. Kuteremka ndiko kulikotaka roho yake. Katika mteremko wa mawe alibana breki ya mbele peke yake, gurudumu likakwama, akarushwa mbele ya usukani. Mzee mmoja Mwiraqw aliyekuwa akichunga ng'ombe alimwinua, akamwambia, "Mwanangu, kushuka ukatembea si aibu. Sisi tuliozaliwa hapa hushuka."

Tangu siku hiyo mwalimu aligeuka mwanafunzi. Alijifunza kubana breki zote mbili kidogo kidogo, kurudisha uzito nyuma, kupunguza upepo wa magurudumu penye kokoto, kuondoka alfajiri, na kuchukua maji, pampu, gundi na viraka. Alijifunza pia kuheshimu makorongo, kwa maana ukavu wa nchi ile si ahadi: tarehe 3 Desemba, 2023, mvua kubwa ilishusha matope na mawe kutoka Hanang, yakaangamiza watu na nyumba za Katesh.

Mwaka ulipotimia alikuwa akipita njia zile bila ya hofu na bila ya haraka. Mlima haukupungua hata shibiri moja. Kilichopungua ni kiburi cha mpandaji, na mzigo huo ulipotuliwa, baiskeli ikawa nyepesi.