Mahali pa Kutupa Ndoana

Mambo matatu humfanya mvuvi wa mshipi: chombo, subira na mahali. Chombo hununuliwa dukani, na subira huja kwa mazoea. Lakini mahali hapanunuliki, wala mtu hapajui mpaka aonyeshwe. Wahenga walisema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Kwa miaka kadha nilikuwa nikiifasiri methali hii mbele ya wanafunzi wangu, nami nikidhani nimeimaliza. Siku mbili za mapumziko kando ya mto Ruvu zilinionyesha kwamba nilijua maneno yake tu, na msimu uliofuata ulinionyesha deni lililomo ndani yake.

Ilikuwa mwezi wa Februari, kabla ya masika. Kazi ya kusahihisha mitihani ilikuwa imenichosha macho na moyo. Jumamosi alfajiri, mimi na rafiki yangu mmoja tulipanda basi la Mlandizi, mji ulio kiasi cha kilomita 60 magharibi ya Dar es Salaam, na kutoka huko tukaenda kwa miguu mpaka mtoni. Ruvu hutoka katika milima ya Uluguru, hupita katika nchi tambarare ya Pwani, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, waliouvuka wakielekea bara, waliuandika kwa jina la Kingani. Siku hizi sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam husukumwa kwa mitambo kutoka mto huu. Kwa hiyo mtu wa mjini hunywa Ruvu kila siku, na pengine hufa asiuone.

Tulikuwa na mishipi mipya, ndoana za namba tatu mbalimbali, chubwi, na kopo la nyungunyungu. Tulikuwa pia na elimu ya vitabuni, nayo ilikuwa nzito kuliko mizigo yote. Tulichagua mahali kwa uzuri wake: ukingo mpana wenye mchanga mweupe, kivuli kidogo, na maji yapitayo kwa kasi yaking'aa juani. Tulitupa ndoana toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mto ulikula chambo chetu chote na haukutupa hata samaki mmoja.

Jua lilipoanza kupinda, mzee mmoja alipita na mgono begani. Tulimwamkia shikamoo, naye aliitika marahaba, akatazama mishipi yetu, kisha akatazama maji, wala hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, "Wajukuu zangu, nani aliyewaambia kwamba samaki hupenda kukimbia mchana kutwa?"

Nilikiri kwamba hakutuambia mtu. Basi alitua mgono wake chini akatufundisha, na somo lake sikulisahau. Alisema kwamba samaki ni kama mchukuzi mwenye busara, hapiganani na mkondo pasipo sababu. Hukaa pale ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya utulivu, ili chakula kiletwe na kasi naye akipokee katika utulivu. Palipo na kona ya mto, upande wa ndani hujaa mchanga na kina chake ni kifupi. Upande wa nje maji hula ukingo yakachimba shimo, na humo ndimo samaki wakubwa walalamo. Penye mkuyu ulioinamia maji, matunda yake huanguka na samaki hujua saa ya kuyangojea. Perege hutaka maji matulivu yenye majani. Kambale hutaka tope na giza, na kama maji yamechafuka baada ya mvua, hapo ndipo atembeapo bila ya hofu. Mtu akimwona mdiria ametua kwenye tawi lile lile kila siku, asiulize zaidi.

Kisha alituongoza katika njia ya matete, mwendo wa nusu saa, akatufikisha kwenye kona ambayo sisi peke yetu tusingaliipata hata kwa juma zima. Mkuyu mkubwa ulisimama juu ya shimo la maji meusi. Nyuma yake lilikuwako bwawa dogo, na kati ya bwawa na mto palikuwa na mfereji mwembamba uliokauka nusu, ambao yeye aliuita mlango. Kabla hatujafungua mishipi alitupa sheria zake. Tukae hatua kadha kutoka ukingoni, wala tusisimame majini. Tusioshe samaki mahali pamoja asubuhi na jioni, maana mamba ni mwanafunzi mzuri wa mazoea ya watu. Tusikae juu ya njia ya kiboko, maana usiku hutoka kula nyasi, na arudipo hapishi mtu.

Jioni ile na asubuhi ya pili tulipata perege saba na kambale wawili, mmoja wao urefu wa mkono wangu. Furaha yangu haikuwa ya kitoweo peke yake. Nilihisi kwamba mto ulioninyima umenifungulia.

Jumapili mchana, tulipokuwa tukiagana, mzee alinishika mkono akanipeleka penye mlango. Alinionyesha ndani ya bwawa mashimo ya duara yaliyochimbwa mchangani kama sahani, akasema kwamba hayo ni kazi ya perege dume. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake, hata watoto wakiisha kutoka huwaficha humo humo. "Siku hizo mama hukaa na njaa," alisema, "kwa sababu kinywa kimejaa watoto." Akaongeza kwamba masika yakianza, mto hufurika na kupita katika mlango huo mpaka bondeni, kambale huufuata wakaenda kuzaa katika nyasi zilizozama, na maji yapunguapo watoto wao hurudi mtoni kwa njia ile ile. "Toka mvua ya kwanza mpaka maji yatakapokuwa maangavu, hapa hatutii ndoana wala mgono. Huu ndio mwiko wa mahali hapa." Nilisema nimesikia, na kwa hakika nilisikia kwa masikio.

Msomaji, sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka. Nilirudi chuoni nikiwa na hadithi, na mwenye hadithi hutafuta wasikilizaji. Mezani, penye chai, niliwaeleza wenzangu habari ya kambale mrefu kama mkono. Na mmoja aliposhuku, nilitwaa karatasi nikachora mto, kona, mkuyu, bwawa na mlango. Nilichora vizuri, kwa kuwa kazi yangu ni kueleza. Ule mwiko sikuutaja. Sikuusahau, niliona tu kwamba ungepunguza utamu wa maneno. Karatasi ile ilitoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwa mwingine, na baada ya hapo sijui ilisafiri mpaka wapi.

Nilirudi Ruvu mwisho wa Mei, mvua zilipokuwa zikipungua. Nikiwa bado mbali nilisikia harufu. Katika mlango palikuwa pametegwa chandarua cha kuzuia mbu, kimefungwa kwenye vijiti toka upande huu hata upande huu, na ndani yake vilikuwako vitoto vya samaki, vingine si virefu kuliko punje ya mchele, vimekauka na kuoza kwa maelfu. Aliyekitega alikuwa amechukua vikubwa na kuviacha hivyo, kwa kuwa havikumfaa. Huenda hakuwa mtu aliyeiona karatasi yangu. Huenda alikuwa ndiye. Sikupata kujua, na kutojua huko hakukunipunguzia kitu.

Mzee alinikuta nimesimama pale. Nilimwamkia, akaitika. Nilimweleza yote, habari ya meza, chai na karatasi, nikangojea hasira yake. Hakukasirika. Alifikiri kitambo, kisha akasema maneno haya: "Mimi sikukukataza kusema. Mahali pa Mungu si pangu. Lakini nilikupa mahali pamoja na mwiko wake; wewe ukawapa wenzio mahali, ukawanyima mwiko."

Tuling'oa vijiti pamoja, tukakunja chandarua, tukakichoma moto. Maji machache yaliyosalia bwawani yakaanza kupita tena, taratibu, yakichukua vilivyokuwa hai. Vilikuwako bado, walakini vichache.

Nimelifikiri neno la mzee mara nyingi tangu siku ile, hasa nikiwa darasani. Sisi wenye kazi ya kufundisha husifiwa kwa kuvumbua na kueneza, na huona kwamba mwenye kuficha maarifa ni bahili. Lakini yako maarifa ambayo nusu yake ni kujua kitu kilipo, na nusu ya pili ni kujua wakati wa kukiacha. Anayetoa nusu ya kwanza peke yake hakufundisha. Ameazima kisu bila ala. Nchi ina sheria za uvuvi, na sheria hizo hukataza sumu na baruti. Lakini kando ya Ruvu hapakuwa na askari siku ile. Palikuwa na mwiko tu, nao ulikuwa umewekwa mikononi mwangu.

Mwaka 2022 Ruvu ulipungua sana, hata Dar es Salaam ikapata maji kwa zamu. Watu walifungua bomba wakasikia upepo, na kwa siku chache mji mzima ulizungumza habari za mto. Mimi nilikuwa nikifikiri habari za mlango mmoja mwembamba kati ya matete.

Bado naenda Mlandizi kila masika yanapoanza, siku moja au mbili, wala sichukui mshipi. Mimi na mzee hukagua mlango, tukaondoa takataka, tukaketi chini ya mkuyu. Yako mahali pengine anapopajua, juu zaidi, kwa kuwa huja kutoka huko na kambale wazuri. Hajaniambia wapi, nami sijamwuliza. Nimwamkiapo huniitika marahaba kama kawaida, kwa heshima yote. Ila tangu mwezi wa Mei ule hajaniita tena mjukuu wake.