Mama PDF: Nilivyoyaponza Majarida ya Chuo Bila Kujua

Wadau, leo sina umbea wa msanii. Nina umbea wangu mwenyewe, na ndani yake kuna mkutubi, bosi wa fedha na group la WhatsApp lenye watu sitini na kitu. Majina yote kapuni. Chuo nacho kapuni, jueni tu kipo Temeke, na mimi nilikuwa natokea Mbagala kila asubuhi kwa daladala, nimesimama.

Kwenye group la darasa niliitwa Mama PDF. Sikujipa mwenyewe hilo jina. Ni kwamba majarida ya kulipia, yale ya kitaaluma ambayo lekchara akisema "leteni marejeo ya miaka ya karibuni" ndiyo anayoyataka, yalikuwa yanafunguka ukiwa kwenye mtandao wa chuo tu. Ukiwa nyumbani na bando lako, tovuti inakuletea bei kwa dola. Sasa nani anazo dola za makala moja wakati bumu limeshayeyuka wiki ya tatu? Wi-Fi yenyewe ilikuwa inashika vizuri sehemu moja, karibu na dirisha la maktaba. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nawahi kufika nilikaa pale dirishani, nikapakua, nikatupia kwenye group. Watu wanashusha huko waliko: Tandika, Yombo, Kigamboni. Mmoja anaprinti steshenari, watano wanatoa kopi. Nilijiona mtakatifu kabisa yaani.

Mwaka wa mwisho, kwa kuwa nasomea mambo ya kumbukumbu na maktaba, nikafanya fildi palepale. Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja tuliyemwita Anti, mpole, ila ukimrudishia kitabu kimekunjwa kurasa utajuta kuzaliwa. Siku moja akanifungulia Excel: "Mwanangu, hebu angalia hii, wewe una macho mazuri."

Zilikuwa takwimu za matumizi ya majarida. Kumbe kila mchapishaji anahesabu. Mtu akifungua makala kutoka mtandao wa chuo chenu, inaandikwa, mwezi kwa mwezi, jarida kwa jarida. Kuna kanuni ya kimataifa ya kuhesabu, inaitwa COUNTER, ilianzishwa mwaka 2002 ili wachapishaji wote wahesabu kwa namna moja, maana zamani kila mmoja alikuwa na kipimo chake. Inaonyesha makala zimefunguliwa mara ngapi, na hata mara ngapi watu wenu wamegonga mlango wa jarida msilolilipia wakakataliwa.

Nikatafuta lile jarida letu pendwa, lililobeba ripoti za utafiti za darasa zima. Mwezi wa Mei: 2.

Mbili! Na mimi nakumbuka vizuri, zote mbili zilikuwa zangu.

Nikacheka, halafu nikaona Anti hacheki. Akaniambia bosi wa fedha keshaiona hiyo karatasi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua bei, gawa kwa mara zilizofunguliwa. Tuseme jarida ni shilingi milioni 2. Likifunguliwa mara 2,000, kila mara imegharimu elfu moja, poa kabisa. Likifunguliwa mara 20, kila mara ni laki. Ni kama king'amuzi, unalipia kifurushi kikubwa halafu nyumbani wanatazama chaneli mbili. Baba mwenye nyumba lazima aulize. Naye bosi aliuliza. Alitaka kifurushi kizima kikatwe mwaka unaofuata. Akasema si yapo ya bure? Yapo kweli, na tunayatumia. Mpango wa HINARI wa majarida ya afya, ulioanzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, umesaidia sana nchi kama zetu. Ila hauna kila kitu ambacho wadogo zetu wa mwaka wa kwanza watakihitaji.

Hapo ndipo nikaanza kutokwa jasho, na feni ilikuwa inawaka. Watu sitini wamesoma, namba inasema mbili. Yule aliyesoma Tandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka hayupo popote kwenye ile Excel. Hata aliyejaribu kufungua kutoka nyumbani akakataliwa hayupo, maana tovuti haikumtambua kama mtu wa chuo chetu. Ni mpita njia tu.

Nikamwambia Anti ukweli. Nikamwonyesha na group. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema mambo mawili. La kwanza, mikataba mingi hairuhusu kusambaza PDF namna ile, na mimi kama mkutubi mtarajiwa nilitakiwa nijue. La pili: "Lakini bosi nikimwambia watu sitini, ataniuliza ushahidi uko wapi. Screenshot ya WhatsApp?"

Akapiga simu. Ana mwenzake, mkutubi wa chuo kimoja upande wa Kinondoni. Vyuo vyetu vingi hununua majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, COTUL, kwa hiyo vyuo viwili vinaweza kuwa na kifurushi kilekile. Mwenzake akakubali kumtumia takwimu zao. Tukaziweka pembeni ya zetu.

Wadau, jarida ni lilelile, kozi karibu zilezile, wanafunzi walewale wa daladala. Wao Aprili na Mei grafu inapanda kama ngazi za ghorofa. Sisi imelala. Tofauti tuliyoiona ni moja: wao mwanafunzi alipewa jina la kuingilia na neno la siri, anafungua akiwa nyumbani na anahesabiwa kama wa chuo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wenzetu wanachangia hizi namba. Uingereza maktaba za vyuo zina mfumo mmoja wa pamoja, JUSP, unaokusanya takwimu kutoka kwa wachapishaji, na chuo kinaweza kujilinganisha na vyuo vinavyofanana nacho. Ukiwa na namba zako peke yako unaambiwa jarida halipendwi. Ukiziweka na za jirani unagundua mlango wako ndio mbovu. Kwetu ilibidi Anti apige simu ya kirafiki, na kama wale wawili wangekuwa wamenuniana tangu semina ya mwaka juzi, basi tena.

Kuna kaka mmoja kwenye group, mjanja wa mjini, aliposikia akatoa wazo: "Si tukae usiku tugonge tu hilo jarida mpaka namba ipande?" Haiendi hivyo. Ukigonga makala ileile mara mbili ndani ya sekunde 30 inahesabiwa mara moja. Na ukipakua kwa fujo mchapishaji anaweza kuufungia mtandao wa chuo chote. Tungekuwa tumekata kifurushi wenyewe, bosi akatushukuru.

Anti alienda kwenye kikao na karatasi mbili, yetu na ya Kinondoni. Sikuwemo, mimi ni nani. Alirudi kachoka, akavua viatu, akasema wamempa mwaka mmoja. Neno la siri la nyumbani litafunguliwa, kisha waangalie namba tena.

Kuna kitu sikutegemea kingekuwa kigumu hivi: group. Siku hizi natupia linki tu, na maelezo ya kuingia. Wananichukia. "Mama PDF umeshaajiriwa nini?" "Dada bando linakata, tupia faili bana." Nawaelewa, ukurasa unafunguka taratibu na faili ni la kubofya mara moja. Juzi usiku rafiki yangu wa karibu akanifuata inbox kabisa, kesho yake anawasilisha, yuko Mbagala Kuu na umeme umekatika, simu ina asilimia tisa.

Nilimtumia PDF. Anti usiposoma hapa, nitashukuru.