Kamba wa Bahari Mjini Babati

Ziwa Babati ni la maji baridi. Viboko hulala humo mchana, perege na kambare huvuliwa humo, na mtu aliyezaliwa Mkoani, kisiwani Pemba, aweza kukaa kando yake miaka thelathini bila ya pua yake kuizoea hewa isiyo na chumvi. Mwalimu huyu wa sayansi, ambaye sasa amestaafu, alikaa. Alipofika, Babati ilikuwa ingali mji wa wilaya katika Mkoa wa Arusha. Mwaka 2002 ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, naye akawa babu wa wajukuu ambao bibi yao ni Mgorowa na ambao bahari waliijua kwa picha tu.

Sebuleni kwake, pale wengine wanapoweka televisheni, pana tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Ndani yake wanaishi kamba wawili wenye mgongo mwekundu uliogawanywa na mstari mweupe, na masharubu meupe marefu. Ni kamba wasafishaji wa miamba ya matumbawe. Chewa na mkunga, ambao wangeweza kuwameza kwa funda moja, huwafungulia vinywa na kutulia, na kamba huingia akawatoa wadudu na nyama iliyokufa. Jirani mmoja aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, hawa wataliwa lini?" Alipoambiwa kwamba hawaliwi, alinyamaza kwa adabu.

Kamba wa namna hii wanaouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo takriban wote hutolewa baharini, wakiwamo wa pwani ya Kenya. Wanaolelewa kutoka yaini ni wachache mno, na hilo ndilo lililomkera Mwalimu. Kutaga si tatizo. Kila mmoja wao ni dume na jike kwa pamoja, hivyo wawili wowote ni jozi. Hubeba mayai ya kijani chini ya tumbo kwa wiki mbili hivi, viluwiluwi huanguliwa usiku, na mzazi akishajivua gamba huwa tayari kubeba mengine. Usiku huo Mwalimu huzima taa zote, akaegemeza tochi kwenye kioo. Viluwiluwi huifuata nuru kama vumbi lenye macho, naye huwateka kwa kikombe pamoja na maji yao, kwani wavu huwavunja miguu.

Kundi la kwanza lilikufa kabla ya alfajiri, na kosa lilikuwa lake. Kwa kubana matumizi alikoroga chombo chao kwa chumvi ya mawe ya sokoni, gramu 35 kwa kila lita, kadiri ya bahari. Lakini chumvi inapoganda katika mabwawa, magnesiamu na potasiamu nyingi hubaki katika maji yanayomwagwa. Kinachofika jikoni kina ladha ya bahari, si bahari. Mtu aliyefundisha kemia maisha yake yote alipaswa kulijua hilo, na mkewe hakuacha kumkumbusha. Tangu hapo hununua chumvi maalumu ya matangi, kwa bei ambayo haitaji mbele ya watu.

Chakula chao ni watoto wa artemia, kidudu cha mabwawa ya chumvi, ambacho mayai yake makavu hukaa miaka kama unga na huanguliwa kwa siku moja hivi yakitiwa maji ya chumvi. Mashaka yamo katika muda. Kiluwiluwi cha kamba huyu huelea miezi, hata mitano, akijivua gamba mara kwa mara, na huweza kuahirisha kugeuka kwake kamba ikiwa hajapata pa kutua.

Katika kundi la tano, siku ya hamsini iliwakuta ishirini na mmoja. Kisha usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika. Julai ya Babati ni ya baridi. Maji yalianza kupoa na pampu ya hewa ikanyamaza. Mwalimu na mjukuu wake wa kike walikizungushia chombo mablanketi, wakapokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena taratibu hadi kulipokucha. Walisalia wanane.

Wiki sita baadaye ilikuja simu kutoka Pemba. Dada yake mkubwa, aliyemlea, amelazwa. Kwa miaka mitatu dada huyo alikuwa akimwuliza, "Utakuja lini?" naye akijibu, "Wakitua hawa." Safari hii hakujibu hivyo. Alimwachia mjukuu daftari, tochi na kikombe, akapanda basi la alfajiri. Siku mbili za barabara na boti.

Dada hakuwa na nguvu ya kusema mengi. Utotoni alikuwa akianika uduvi ufukweni pamoja na mama yao, na habari ya kamba wanaolishwa wasiliwe ilimchekesha hata kifua kikamwuma. Kila magharibi mjukuu alipiga simu, na mgonjwa ndiye aliyetangulia kuuliza: "Wangapi leo?" Wanane. Wanane. Saba.

Jioni ya tisa sauti ya mtoto ilisikika kabla ya salamu: "Babu, mmoja ameshuka! Amesimama, ana mstari mweupe!"

"Kasimama juu ya nini?" aliuliza dada.

Mwalimu alisita. Katika chombo kile aliweka jiwe moja tu, la tumbawe, alilolichukua safari iliyopita kutoka ukuta ulioanguka wa nyumba ya baba yao, akalisugua chokaa na kuliloweka majuma kadhaa. Hakuwa amemwomba mtu ruhusa.

"La ukuta wa ukumbini?"

"La ukumbini."

Dada alifumba macho. "Na hao sita," akasema, "mwambie mtoto asiwazimie tochi."