Tanzia: Ahadi ya Kukumbukwa

Kwa majonzi makubwa, sisi wapenzi wa gemu za hadithi hapa Kakamega, wa mjini na wa hosteli za Lurambi, tunatangaza kifo cha ahadi tuliyoitegemea: kwamba mpenzi uliyemchagua katika gemu moja atakukumbuka katika inayofuata.

Kwa wengi wetu, marehemu alizaliwa Novemba 2007, kampuni ya BioWare ya Kanada ilipotoa Mass Effect. Tuliambiwa tuhifadhi faili zetu, kwani maamuzi yetu yangetufuata. Sehemu ya pili ilipofika Januari 2010, picha ya mpenzi wa awali ilikuwa mezani pa Kamanda Shepard, mhusika tunayemwongoza. Haikusema neno, lakini ilitosha.

Dalili za ugonjwa zilianza humo humo. Ashley na Kaidan, wapenzi wa sehemu ya kwanza, walijitokeza mara moja tu, wakalaumu, wakaenda zao. Machi 2012, katika sehemu ya tatu, waliompenda Jacob katika sehemu ya pili walimkuta na mwanamke mwingine, Brynn, mwenye mimba yake. Wapenzi wengine, Liara, Garrus na Tali, ndio waliotupa moyo: walirudi, na mapenzi yao yakaendelea hadi mwisho. Kwa hiyo kuitimiza ahadi hiyo kunawezekana.

Kilichomuua ni gharama. Kila chaguo huzaa tawi la hadithi, na kila tawi hutaka waandishi, waigizaji wa sauti na wachoraji, ilhali watakaolifikia ni wachache. Kampuni inayotafuta wachezaji wapya huona heri matawi yakatwe.

Pigo la mwisho lilikuja Oktoba 2024. Tarehe 29 ilitoka Life is Strange: Double Exposure. Katika gemu ya kwanza ya Life is Strange, ya 2015, waliomwokoa Chloe, kipenzi cha mhusika mkuu Max, walikubali mji mzima uangamie. Sasa waliambiwa kwamba yeye na Max walishaachana, na Chloe mwenyewe hakuonekana. Siku mbili baadaye ikaja Dragon Age: The Veilguard. Morrigan, mchawi wa gemu ya kwanza ya Dragon Age, alikuwemo, lakini waliompenda tangu 2009 na kuzaa naye mtoto, Kieran, hawakusikia hata jina la mtoto likitajwa.

Wapo wanaosema huo ni mchezo tu. Lakini gemu si riwaya: msomaji wa riwaya hutazama mapenzi ya watu wengine. Mchezaji huulizwa yeye mwenyewe, naye hujibu kwa saa nyingi za maneno aliyoyachagua na hatari alizozikubali. Jibu hilo likifutwa, anayesahaulika ni yeye. Wala hatukatai kwamba wapendanao huachana. Kinachouma ni kwamba waliachana katikati ya gemu mbili, mahali ambapo hatukuwapo, hivyo hatukuweza kusihi, kukosana wala kuagana.

Kwetu Waluhya, maziko hayafungi mambo. Wazee hukaa na jamaa, madeni yakatajwa hadharani. Nasi tunalitaja letu mbele ya watengenezaji wote. Mkimrudisha mpenzi, mrudisheni pamoja na kumbukumbu zake. Ikiwa lazima waachane, tuonyesheni siku hiyo, tuishi nayo. Na kama hamwezi kulibeba chaguo letu, tuambieni mapema, kabla hamjatuuliza tunampenda nani.