Mkono wa Mtoto Una Bei Gani? (Sehemu ya 6)



Leo tunaacha kidogo mambo ya chanjo na homa. Mama mmoja Mswahili mwenzetu anayeishi Marekani ameniandikia inbox. Mwanawe ana miaka 11, anacheza besiboli, na ndiye mrushaji wa timu. Kila akimaliza mechi watu wanamwambia, "Huo mkono ni hela." Sasa kuna kocha wa timu ya pili naye anamtaka. Anauliza: nesi, nimwache arushe kote kote?

Huu mchezo nimefundishwa na shemeji yangu anayeishi hukohuko, akianza kuuongelea hanyamazi. Kwa wasioujua: mrushaji anasimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira kwa nguvu na ujanja, ili aukose. Wale wakubwa wanaolipwa hurusha zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na mzigo mkubwa wa mrusho huo unabebwa na kiwiko.

Mama, kwa kuwa watu wameshaanza kuuwekea bei mkono wa mtoto wako, hebu tuangalie wanaofanya kazi hiyo kwa mshahara wanaupimaje.

Timu za ligi kuu ya Marekani hubadilishana wachezaji: nipe huyu, chukua yule. Kabla ya kumchukua mrushaji wanajiuliza mambo kadhaa. Anawatoa wapigaji wangapi, na anaruhusu pointi ngapi? Ana umri gani? Mshahara wake mzito au mwepesi? Amebakiza miaka mingapi chini ya timu? Hapa ujue kwamba kwa kawaida mchezaji hutimiza miaka 6 ya ligi kuu ndipo awe huru kujichagulia timu, kwa hiyo kijana mwenye miaka mingi mbele ana thamani kuliko mkubwa anayekaribia kuondoka. Wanaangalia pia faili lake la hospitali. Na mwisho wanajiangalia wenyewe: sisi tunataka ushindi wa mwaka huu, au wa miaka mitano ijayo?

Hilo swali la mwisho ndilo linaloamua mengi. Mwezi Agosti 1987 timu ya Detroit ilikuwa inawania ubingwa wa kundi lake. Ikamchukua Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36, kutoka Atlanta, ikatoa kijana wa miaka 20 anayeitwa John Smoltz, ambaye ligi kuu alikuwa hajaicheza hata siku moja. Alexander akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, na Detroit ikaongoza kundi. Shangwe! Baada ya msimu wa 1989 Alexander akastaafu. Smoltz yeye akaichezea Atlanta misimu 20.

Detroit hawakuwa wajinga. Walihitaji miezi miwili, wakailipia kwa miaka ishirini ya mtu mwingine.

Na hawako peke yao. Mwaka 2015 warushaji watatu waliingizwa pamoja kwenye Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown: Smoltz, Randy Johnson na Pedro Martínez. Wote watatu waliwahi kutolewa na timu zao wakiwa bado vijana. Johnson alitolewa na Montreal mwaka 1989, mrefu kama mnazi, mipira yake mingi ikienda kombo. Martínez alitolewa na Los Angeles mwaka 1993, kwa sababu waliona mwili wake ni mdogo, hautahimili kazi ya kurusha mechi nzima nzima. Waliowapima walikuwa wataalamu wenye vipimo, madaktari na hela nyingi. Bado wakakosea. Sasa yule baba anayepiga kelele pembeni ya uwanja, yeye anajuaje thamani ya mkono wa mtoto wa miaka 11?

Kosa linaweza kwenda upande wa pili pia. Julai 2016 Boston ilimtoa Anderson Espinoza, kijana wa Venezuela mwenye miaka 18 aliyekuwa anasifiwa sana, ikampata Drew Pomeranz kutoka San Diego. Baadaye ligi ilimsimamisha kazi meneja mkuu wa San Diego kwa siku 30, kwa sababu ya namna taarifa za afya zilivyotolewa katika mabadilishano yale. Kama nesi, hapo nilikaa vizuri kwenye kiti! Faili la mgonjwa lilikuwa sehemu ya bei. Na yule kijana? Alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2017, na mwingine mwaka 2019. Ligi kuu aliifikia mwaka 2022, akiwa na timu nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kiwiko chenyewe, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Upande wa ndani wa kiwiko kuna ligamenti, ukamba mgumu unaofunga mfupa na mfupa. Kila mrusho unauvuta. Kwa mtu mzima, ukivutwa mno, unachanika. Kwa mtoto wa miaka 11 kuna jambo la ziada: karibu na ncha za mifupa yake bado kuna sehemu laini, ambako mfupa unakua. Mara nyingi ndiyo inayoumia kwanza. Mtoto anasema "kiwiko kinauma kwa ndani", mtu mzima anamjibu "kaza, wewe mwanaume." Jamani, tuache.

Halafu kuna uvumi kwamba ule upasuaji unaongeza nguvu, mkono unarudi bora kuliko ulivyokuwa. Hapana. Upasuaji huo unaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji aliyefanyiwa wa kwanza, mwaka 1974, na Dk. Frank Jobe. Wanachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, wanaitumia kujenga upya ligamenti iliyochanika. Kupona hadi kurusha mechi tena huchukua kama mwaka au zaidi, na wapo wasiorudi kama zamani. Ni matibabu ya jeraha tu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji na wale ambao hawakuumia. Kwa waliokuwa wakirusha mashindano zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, uwezekano wa kuishia kwenye upasuaji ulikuwa mara 5. Kwa waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka, ulikuwa mara 36. Soma tena hiyo namba, mama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Arushe timu moja tu. Ile nyingine, kama anaipenda, acheze nafasi tofauti, lakini asiwe mdakaji anayemrudishia mrushaji mpira, maana naye hurusha sana. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu pamoja na chama cha USA Baseball, unasema mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku. Akifikisha 66, apumzike siku 4. Akirusha kati ya 51 na 65, siku 3. Kati ya 36 na 50, siku 2. Kati ya 21 na 35, siku 1. Na kwa mwaka apate angalau miezi 4 bila kurusha kabisa.

Hesabu wewe mwenyewe. Chukua kalamu na daftari, kaa pembeni, piga mistari kila anaporusha. Kocha wa timu hii hajui mtoto alirusha mingapi kule kwingine. Unayejua ni wewe.

Na muulize kila jioni, "Mkono umechoka?" Muulize kwa namna ambayo haogopi kusema ndiyo. Kiwiko au bega likiuma, asirushe, na maumivu yasipoisha kwa kupumzika, mpeleke kwa daktari. Usimpe dawa ya maumivu ili amalizie mechi.

Detroit walikuwa na wachezaji wengine benchi, na kila mwaka walisajili vijana wapya. Wewe una huyu mmoja. Kombe la Julai hii likipita, mwakani lipo lingine, na atalichezea kiwiko hikihiki.

Mwenye mtoto anayerusha, iwe besiboli, kriketi au mkuki wa shuleni, mtumie hii. Sehemu ya 7 tunarudi nyumbani: kuchanganya ORS kwa vipimo sahihi.