Maji ya Kuyaeleza

Mjomba alikwenda Tanga kukata mkonge, manamba kama vijana wengi wa Unyaturu wa siku zake. Akarudi Issuna na sanduku la bati, mshipi wa kuvulia, na maneno ambayo kijiji chetu hakikuwa na maji ya kuyaeleza.

Chubwi. Bamvua. Maji mafu. Aliyatamka chini ya mgunga, vumbi la barabara ya Dodoma likimtua magotini. Mara mojamoja alipanda basi hadi Singidani, ziwa la chumvi lisilojua kupwa wala kujaa, akatupa ndoana. Alikuwa akivua nini kule? Perege, au ujana wake?

Jioni moja, mbele ya wageni, akasimulia changudoa alivyomsumbua usiku kucha. Tukaangua kicheko. Mkewe akainamisha uso. Kwa mjomba, huyo alikuwa samaki, changu mwenye doa jeusi ubavuni. Tangu lini jina lake limekuwa jiwe la kumtupia mwanamke aliyesimama gizani? Mjomba alitutazama mmoja mmoja, akanawa mikono. Sikumsikia akilitaja tena.

Je, mtu huanza kuondoka hivyo, neno baada ya neno?

Sisemi lugha imeharibika. Dagaa kauzu hufika kwetu wakavu, na vijana humwita kauzu yeyote mwenye uso usiojua haya. Neno tamu, mjomba mwenyewe alilicheka. Lakini kule Ziwa Victoria, sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kipi kizito zaidi: samaki kupoteza jina, au jina kupoteza samaki?

Kitenzi chetu ni kimoja kwa samaki na kwa nguo. Nilikikumbuka wazee walipomvua mjomba kanzu ili wamwoshe.

Kisha tukaondoa matanga. Tanga moja ni la chombo. Yakiwa mengi, ni kilio. Hakuna aliyeinua kichwa kutafuta jahazi. Upepo ulikuwa ukipita juu ya alizeti, ukaenda zake.

Ule uzi wake bado umezungushwa kwenye kibao, juu ya mlango. Juzi mjukuu wake aliuliza ni kitu gani. Nikamwambia: mshipi. Akautungua, akaufungua taratibu, akajifunga kiunoni.